Haya Aliyotibiwa Dada

Kabla sijaanza kumwonea wivu, tulikuwa wawili. Yeye ni binti wa mama mdogo, mimi nimezaliwa miezi sita baada yake, kwa hivyo namwita dada. Nyumba zetu hapo Mwabungo zilitazamana. Uwanja ulikuwa mmoja, kisima kimoja, na tulikuwa na maradhi yaleyale ambayo hatukujua kuwa ni maradhi. Tukitumwa kwa jirani kuazima chekeche, tulikwenda hadi mlangoni, tukasimama, kila mmoja akimngoja mwenziwe apige hodi, kisha tukarudi kusema hapakuwa na mtu. Jirani alikuwa ndani anaimba. Mama alipogundua alituchapa sote wawili kwa uongo, na hatukujitetea, maana kujitetea nako kunataka maneno.

Shuleni ilikuwa mbaya zaidi. Mwalimu akinitaja nisome kwa sauti, moyo ulinipanda kooni, viganja vikalowa, na maneno niliyoyajua tangu jana yakapotea ukurasani. Dada alikuwa akitapika asubuhi za siku ambazo darasa letu lilipangiwa kusimama mbele ya shule nzima. Watu wazima walitutazama na kuridhika. "Mabinti hawa wana haya, mashallah," walisema. Haya kwa mtoto wa kike ni sifa, na hakuna anayempeleka mtu hospitali kwa sababu ya sifa.

Sifa hiyo ilinifikisha kwenye ndoa. Niliolewa na mtu wa Bongwe, mtu mpole, fundi wa mabati, na siku ile nilipopeleka sinia ya sharubati kwa wakwe, gilasi ziligongana njia nzima kwa jinsi mikono ilivyotetemeka. Walifurahi. Lakini mke hutarajiwa kwenda kuwajulia hali watu wa mumewe, kukaa mkekani, kuuliza habari ya mmoja baada ya mwingine. Mimi nilikuwa nafika kwenye kona ya njia yao, jasho linatiririka mgongoni, nasimama hapo kama niliyesahau kitu, narudi. Kabla ya ndoa nilikuwa na haya. Baada ya ndoa nikawa na maringo. Baada ya miaka mitatu mume wangu alikaa nami kitako, akaniambia bila hasira, "Mimi na wewe hatuna ugomvi. Ila siwezi kuishi na watu wangu kwa niaba yako." Akanirudisha kwetu kwa heshima zote.

Mama alinipeleka kwa ustadhi. Alinisomea, akanipa kombe nikanywa, yale maandishi ya zafarani yaliyooshwa kwa maji, na nilitulia siku mbili. Ya tatu nilitumwa dukani na mambo yakawa yaleyale. Ustadhi hakunidharau hata kidogo. Alisema, "Mwanangu, hili huenda lina daktari wake." Lakini daktari huyo yuko wapi, hakujua, na mama hakujua, na mimi nisingeweza kwenda kuuliza.

Nikapata kazi hotelini Diani, chumba cha kufulia nguo. Mashine zina kelele, mvuke umejaa, hakuna anayetarajia mazungumzo. Ninanyoosha mashuka na vitambaa vya meza, na ninaifanya kazi hiyo vizuri. Waliwahi kutaka kunifanya msimamizi wa zamu. Nilipoambiwa kuwa msimamizi huhudhuria kikao cha kila asubuhi na kutoa ripoti, nilisema mgongo unanisumbua. Nafasi ikapewa msichana niliyemfundisha mimi kushika pasi.

Dada naye aliolewa, na mtu wa Msambweni aliyekuwa akifanya kazi Uholanzi, kwenye ghala la maua. Akaondoka. Miaka ya kwanza tulikuwa tunaandikiana tu, kwa sababu tukipigiana simu tulikuwa tunasikiliza pumzi. Aliniandikia kuwa hatoki nyumbani, kuwa mumewe ndiye anayezungumza dukani, hata kwa daktari. Sitaficha: habari zile zilinifariji. Dunia nzima nilikuwa na mwenzangu mmoja, na mwenzangu alikuwa bado yuko vilevile.

Siku moja nikapokea ujumbe wa sauti. Nilikuwa kazini, nikatoka hadi kwenye kamba za nje kuusikiliza. Ilikuwa sauti yake, ndefu, inakwenda bila kukwama. Alisema daktari wa mtaa wao alimwona mara tatu akija na mume wa kumsemea, mara ya nne akamwomba mume akae nje. Akamuuliza mwenyewe: unaogopa nini? Alilia nusu saa. Daktari akamwambia huo ni ugonjwa unaojulikana, una jina na una matibabu, akamwandikia barua aende kwa mtaalamu.

"Lakini nimengojeshwa miezi mitano!" dada alilalamika. "Miezi mitano, we! Nchi gani hii?"

Nilisimama katikati ya mashuka nikiwa na miaka thelathini na mbili. Miezi mitano.

Tangu hapo sauti zilinijia kila wiki. Alinieleza mtaalamu wake, mwanamke wa makamo, chumba chenye viti viwili, mlango uliofungwa, na bima inayolipa. Alinieleza kundi la watu wanane, wote wazungu isipokuwa yeye na mtu mmoja wa Moroko, wote wanatetemeka kama sisi. Alinieleza mazoezi waliyopewa: leo ingia dukani uulize bei, utoke bila kununua. Kesho angusha kitu mbele ya watu makusudi. Kesho kutwa mpigie simu usiyemjua. Kabla ya kila zoezi uandike unachoogopa kitatokea, na baadaye uandike kilichotokea kweli.

Alinitumia hayo yote kwa mapenzi. Mimi nilikuwa nasikiliza dakika ya kwanza, nahisi kitu kinaniwaka kifuani, nafuta. Nilifuta nyingi sana. Nilikuwa namjibu kwa kuandika neno moja, alhamdulillahi.

Mwaka huohuo hoteli yetu ilipokea kundi la wageni waliokuja kutuliza nafsi, ndivyo tulivyoambiwa. Walikaa duara kwenye banda la makuti, wakiwa na mwalimu wao, na kila mmoja alieleza kinachomtisha. Nilipita na toroli la taulo nikamsikia mwanamke mmoja akisema kwa Kiingereza kuwa hawezi kula mbele ya watu, anahisi wote wanamtazama anavyotafuna. Wenzake walitikisa vichwa. Mmoja alimshika mkono. Nilirudi chumba cha kufulia nikaegemea rafu. Mimi nimekula chakula changu cha mchana nyuma ya mashine ya kukaushia kwa miaka minane, na wao wamepanda ndege wakaja hadi ufuoni kwetu kushikwa mkono kwa jambo hilohilo, na vitambaa walivyokalia nimevinyoosha mimi.

Kisha dada akaja. Mdogo wake alikuwa anaolewa, na ilikuwa mara yake ya kwanza kurudi baada ya miaka sita. Nilimwona akishuka garini, akawasalimu wazee waliokaa barazani mmoja mmoja, shikamoo kwa huyu, shikamoo kwa yule, akaulizia magoti ya mmoja na mtoto wa mwingine aliyekuwa Samburu kwenye biashara ya mbuzi. Alinikumbatia akanishika mabega akanitazama usoni. Mimi nilitazama viatu vyake.

Alasiri ya hafla ya kina mama uwanja ulijaa. Mimi nilikuwa jikoni uani, mahali pangu, na vitunguu vya kachumbari. Nikasikia kipaza sauti kikikwaruza, halafu sauti yake. Alizungumza juu ya mdogo wake, jinsi alivyokuwa akilala na kofia ya baba yao. Akawachekesha. Akasimama kidogo, akasema neno zito juu ya mama yao, watu wakanyamaza kabisa, kisha akawarudisha tena kwenye kicheko, na vigelegele vikapanda hadi mabati yakalia. Alikuwa hodari. Si kwamba alipona tu. Alikuwa na kipaji, na nilijiuliza kama mimi pia ninacho na kimekaa humu ndani miaka yote hii kinaoza.

Mama mkubwa alikuwa kando yangu anakuna nazi. Yeye ni mmoja wa watu wachache ninaoweza kuzungumza nao, kwa sababu hangoji jibu. Akasema, "Subhanallah, mtoto huyu! Ulaya imemfungua kinywa. Na wewe je, lini tutakusikia?"

Nikasema, bila kuinua macho, "Mimi situmii dawa za wazimu."

Mbuzi ya nazi ikanyamaza. "Dawa gani?"

"Muulize mwenyewe. Kule anatibiwa na daktari wa vichaa. Ndizo zinazozungumza hizo."

Walikuwapo wanawake wengine watatu jikoni. Mmoja alisema "Masikini" kwa sauti ya chini, na niliiona habari ile ikitoka mlangoni pamoja naye alipobeba sufuria. Nilijisikia vizuri. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: kwa muda wa kumenya vitunguu vitatu hivi, nilijisikia vizuri.

Kesho yake jioni wakwe wapya walikuwa wameshaulizana kama ugonjwa huo uko kwenye ukoo. Baada ya siku mbili dada alinijia kwetu. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya nyuma. Hakukaa.

"Nani amesema?" aliuliza.

Nikatazama tena viatu vyake.

"Hapa hakuna mwingine aliyezijua habari zangu, ni wewe peke yako niliyekueleza. Kwa hivyo nakuuliza kwa adabu tu. Nani amesema?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Ulimi ulikuwa mzito, lakini alikuwa dada, na sikuwa na pa kukimbilia. Nikamwambia, "Kwa sababu tulikuwa wawili."

Nilidhani atalia, akakasirika zaidi. "Nilikutumia kila kitu," alisema. "Kila nilichofundishwa, nilitoka pale chumbani nikasimama kwenye baridi nikakurekodia kabla sijasahau. Nilijua hapa hakuna wa kukufundisha. Ulisikiliza?"

"Nilifuta."

"Ulifuta." Akavuta leso yake begani. "Basi sikiliza hili moja. Uliyasema mbele ya watu wanne. Utayakanusha mbele ya watu wanne. Siyo kwa ujumbe, na siyo kumtuma mama. Kwa mdomo wako."

"Unajua siwezi."

"Najua," alisema. "Hakuna anayejua kuliko mimi."

Akaondoka nchini wiki ileile bila kuniaga.

Nilikaa na jambo hilo miezi miwili. Halafu nikaenda hospitali moja ya serikali ambayo nilisikia ina kliniki ya akili siku moja kwa wiki. Benchi la wagonjwa liko kwenye ukumbi wa wazi, na kila anayekwenda kuchukua dawa hupita mbele yake. Nilimwona mwanamke wa Mwabungo akija, nikajifanya natafuta choo, nikarudi nyumbani. Wiki iliyofuata nilivaa nikabu, mimi nisiyeivaa siku zote, na nikamwomba Mungu msamaha kwa kuifanya pazia. Nilikaa tangu asubuhi hadi adhuhuri. Aliyeniona alikuwa afisa wa tiba, kijana, macho mekundu kwa uchovu.

"Unasikia sauti?" aliuliza huku akiandika.

"La."

"Umewahi kutaka kujidhuru?"

"La."

"Hulali?"

"Nalala."

"Sasa una nini, dada yangu?"

"Naogopa watu."

Akaweka kalamu chini. Nadhani aliona mikono yangu. Aliniuliza tangu lini, nikamwambia tangu kupiga hodi. Aliuliza nimepoteza nini kwa sababu ya hofu hiyo, na nilipoanza kuhesabu nikashindwa kuendelea. Mlango ulikuwa wazi, mtu mmoja alichungulia mara mbili kuuliza zamu yake.

"Naujua ugonjwa huu," alisema. "Matibabu yake hasa ni mazungumzo na mazoezi, wiki baada ya wiki. Wa kukaa na wewe wiki baada ya wiki ni mimi peke yangu, na umeliona benchi lilivyojaa. Mombasa wapo, wa kulipia."

Nikamwambia, na sauti yangu ilikuwa na uchungu ambao haukumstahili, "Dada yangu Uholanzi amepewa mtu wa kukaa naye, mlango umefungwa."

Hakuudhika. Akauliza, "Walimfanyia nini? Hatua kwa hatua."

Nikamweleza nilichokumbuka: dukani, kuangusha kitu, simu, kuandika kabla na baadaye. Aliandika kwenye karatasi yake, kisha akaniambia, "Hiyo ndiyo hasa. Ningekuwa na saa moja kila wiki ningekufanyia hayohayo. Una sauti zake?"

"Zimebaki tatu."

"Nyingine?"

"Nilizifuta."

Alinitazama kama mtu aliyesikia kuwa chakula kimetupwa. Akaniambia nirudi baada ya mwezi, na kabla ya hapo nimwombe dada anitumie tena.

Kwa hivyo sitadai kuwa toba peke yake ndiyo iliyonipeleka kwa mama mkubwa. Nilihitaji zile sauti, na nisingeweza kuziomba kabla sijafanya alichotaka. Ijumaa alasiri kina mama hukusanyika kwake kusoma uradi, na wale watatu wa jikoni wote huwapo. Kabla sijatoka niliandika kwenye karatasi nilichoogopa kitatokea: nitazimia, watacheka, nitafukuzwa.

Walipomaliza dua na sinia ya kaimati ikaletwa, nilisimama. Hakuna aliyetambua kuwa nimesimama ili kuzungumza, kwa kuwa sijawahi. Mama mkubwa akasema, "Unataka maji?"

"Nataka kusema," nikasema.

Wakageuka, pengine watu kumi na watano. Sikumbuki nyuso. Nakumbuka ukingo wa mkeka mwekundu. Nikasema, "Siku ya harusi nilisema dada anakunywa dawa za wazimu. Si kweli. Alikuwa na ugonjwa wa kuogopa watu. Mimi pia ninao. Yeye ametibiwa, mimi sijatibiwa. Nilimwonea wivu, nikamsingizia." Sauti ilikatika mara mbili, na neno la mwisho sijui kama lilisikika. Nikakaa.

Kisha mama mkubwa akasema, "Astaghfirullah. Sasa hilo ndilo linalokutoa jasho hivyo? Kula kaimati." Wawili watatu wakacheka, si kwa ubaya. Mzee mmoja wa kike aliyekuwa karibu nami alinipapasa goti bila neno. Na wakati wa kuvaa viatu, mmoja wa wale watatu wa jikoni akaniuliza kwa siri, "Lakini dawa, anakunywa au hanywi?" Nikajua kuwa maneno niliyoyatoa siku ile nisingeweza kuyakusanya yote.

Niliporudi nilitazama karatasi yangu. Sikuzimia, sikufukuzwa. Walicheka. Moja kati ya matatu.

Siku mbili baadaye dada alinitumia sauti, fupi. Mama mkubwa alikuwa amempigia simu. "Nimesikia ulisimama," alisema. "Bado nina hasira na wewe, na itakaa kidogo. Lakini najua umelipa nini. Jumapili saa kumi nitakupigia. Uwe na kalamu."

Tangu hapo ananipigia kila Jumapili, mtandao ukikubali. Zoezi la kwanza lilikuwa duka la vitambaa Ukunda. Niliuliza bei ya kitambaa cha maua, muuzaji akakishusha, akakikunjua chote mezani, nikasema ahsante nikaenda zangu huku akininung'unikia. Nilitembea hadi kituo cha mafuta bila kutazama nyuma. Lakini nilifanya, na wiki iliyofuata nikafanya tena duka jingine. Yule afisa nimemwona mara mbili nyingine. Kila mara ananipa dakika zake chache, anaandika ninayomsimulia, na mara ya mwisho aliniomba ruhusa amfundishe mgonjwa mwingine. Nikamkubalia.

Wivu haujaisha. Dada anapoongea nami, ninasikia nyuma yake ukimya wa nyumba yenye joto, nami niko uani na kuku. Alichopewa kwa utaratibu mimi nakipata vipande vipande, kwa hisani yake, baada ya kumkosea. Mwezi uliopita aliniambia kuwa mtaalamu wake amemwambia hahitaji kuja tena. Walikunywa chai pamoja siku ya mwisho, akampa kadi. "Nimesikitika kumuaga," dada alisema. "Nitamkumbuka sana."

Ule moto ukanipanda tena kifuani, uleule. Safari hii sikufuta kitu. Nikamwambia, "Nakuonea wivu hata huko kuaga kwako."

"Najua," alisema. "Endelea kuniambia. Sasa soma ulichoandika wiki hii."

Nikafungua daftari nikamsomea.